Maneno Ambayo Mwenye Simu Alimletea Mama

Jina lake nalijua. Nalijua na la baba yake na la babu yake, na ningeweza kuwataja mmoja baada ya mwingine hadi wa saba bila kukwama, maana kwetu Garissa mtoto hufundishwa ukoo wa jirani kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sitaandika hata moja. Kwetu kumtaja mtu mzima bila ukoo wake ni kama kumtoa barazani bila nguo, na hivyo ndivyo ninavyotaka atoke hapa. Mtaani tulimwita Mwenye Simu, na jina hilo alilipenda kuliko lake la kuzaliwa. Basi na abaki nalo.

Simu yenyewe aliitoa Nairobi katikati ya miaka ya tisini, wakati ambapo hata huko Nairobi ilikuwa kitu cha mawaziri na matajiri. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ukiiweka mezani meza ilitoa mlio. Alikuwa ameishonea mfuko wa ngozi ya mbuzi, akaufunga kwenye mkanda juu ya kikoi, upande wa kulia, na tangu siku hiyo alianza kutembea ameinamia upande huo. Antena aliivuta kwa meno. Kabla ya kupiga aliifuta kwanza kwa ncha ya kilemba, akakohoa mara mbili, kisha akageuka kuelekea daraja la Tana, kwa sababu Nairobi iko ng'ambo ile. Tulijua anataka kupiga kabla hajaishika, kwa jinsi alivyogeuza kiti.

Alikuwa na duka dogo la vitambaa na betri za redio karibu na msikiti, lakini biashara yake kubwa ilikuwa kuonekana. Wafugaji waliotoka Kotile na Bura na mifugo yao walipita dukani kwake kabla ya kufika sokoni, wakasimama nusu duara, fimbo mabegani, wakingoja azungumze. Na alizungumza. Kwetu nyumbani na sokoni ni Kisomali, lakini kwenye simu alitumia Kiswahili, eti Nairobi haielewi kingine. Nasikia sauti yake hadi leo.

"Nyamaseni! Simu hataki kelele. Hallo! Hallo, Nairobi! Habari ya huko? Mfua iko wabi? Nasikia fizuri sana!"

Halafu anatikisa kichwa, anaguna, anasema "eeh" na "wallahi" mara nyingi, anairudisha antena kwa kidole kimoja na kuwageukia wafugaji. "Nairobi imenyesha," anawaambia kwa Kisomali. "Ng'ombe wataulizwa wiki hii." Wafugaji wanamshukuru Mungu na kuondoka wakiwa wamenyooka mgongo. Na kweli, mara nyingine Nairobi ilikuwa imenyesha. Si kazi ngumu kubahatisha mvua mwezi wa Novemba.

Sasa wewe unayesoma leo utacheka. Utauliza, watu wazima hawakuwa na macho? Ngoja nikueleze, maana sitaki ucheke watu wangu. Kwetu mtu akitoka safari, kabla hajapewa maji huulizwa habari. Mvua, malisho, wagonjwa, waliokufa. Naye huzitoa zote kama alivyozipata, hazidishi wala hapunguzi, kwa sababu kuna mtu atakayehamisha mifugo yake na watoto wake kwa kufuata maneno hayo. Mtu wa kwetu anaweza kukudanganya umri wa ng'ombe, akakudanganya kuhusu mke wake wa pili, na watu wakacheka naye. Akidanganya katika habari, hapewi maji tena. Kwa hiyo simu ilipofika mtaani hatukuipokea kama mashine. Tuliipokea kama msafiri, na msafiri haulizwi mara mbili. Lililotupoteza ni adabu, si ujinga.

Tena mtu mwenyewe alikuwa na sifa ya uaminifu, na hapa ndipo hasira yangu huzidi. Kabla ya simu alikuwa msomaji wa barua. Wakimbizi wa Dadaab waliokuwa wametawanyika na ndugu zao walimletea barua zilizopitia mikono mingi hadi zikawa laini kama kitambaa, naye akazisoma bure, kwa sauti ya chini, bila kuruka neno. Siku moja mwanamke alimletea barua iliyosema mumewe ameoa mke mwingine Mombasa. Tuliochungulia begani mwake tulimkonyeza aliruke hilo. Alitutazama kwa ukali. "Barua ni amana," akasema, akaisoma hadi nukta ya mwisho, kisha akamtilia chai yule mwanamke kwa mkono wake. Nilikuwa msichana mdogo wakati huo, na nilijiambia nikiolewa niolewe na mtu wa namna ile. Mungu alinihurumia.

Na mwaka wa kiangazi alifungua birika lake la maji kwa mtaa mzima. Hakuandika nani kachota ngapi. Mimi mwenyewe nimeyanywa maji hayo, na ninaposema namchukia mtu huyu nataka ijulikane kwamba nakumbuka ladha ya maji yake. Chuki isiyokumbuka mema ni rahisi, mtu yeyote anaiweza.

Alikuwa na majivuno ya kuchekesha. Msikitini aliiacha simu mlangoni, juu ya viatu vyake, imefunikwa leso, na mtu akimuuliza alijibu kwamba ameizima kwa heshima ya swala. Kwenye mikahawa ya chai aliiweka mezani ikimwelekea mtu aliyetaka kumtia adabu. Aliwahi kuniambia, akiupigapiga ule mfuko wa ngozi, "Binti yangu, mimi na Nairobi tunapumua pamoja." Na wakati mwingine simu ililia yenyewe! Ililia hasa watu wakiwa wengi, mkono wake ukiwa kiunoni. Wazee waliruka, watoto walipiga makofi, naye alijitia hamnazo kidogo, kama mtu aliyechoka kutafutwa.

Nimefika nilikokuwa nikikwepa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Nairobi, akiuza vitambaa katika duka la mtu huko Islii, mtaa wa Wasomali. Mwaka wa tisini na saba, mvua zile kubwa zilipoanza, dereva wa lori alitujia na habari: kijana amelazwa, ini lake limevimba, anamwita mama. Mama hakulia. Alikaanga nyama ya safari, akaitia kwenye chombo na samli, akafunga nguo zake katika shuka moja. Akapata nafasi kwenye Landrova iliyokuwa ikiondoka kesho yake alfajiri, nafasi moja tu, kati ya dereva na magunia. Simu za mezani mjini zilikuwa zimekufa kwa mvua. Hivyo alasiri ile akaniambia tupite kwa Mwenye Simu.

Hakwenda kuuliza kama asafiri. Hilo alikuwa ameshaliamua. Alikwenda kuuliza blanketi.

"Ndugu yangu," alimwambia, "nipigie hospitali. Waulize kama wanawapa blanketi au nimchukulie la kwangu. Nasikia kule baridi."

Dukani palikuwa pamejaa watu waliojikinga na mvua. Mwenye Simu alimtazama mama muda mrefu, na macho ya mama yalikuwa mekundu kwa kutolala. Kisha akaifuta simu, akakohoa mara mbili, akageuka.

"Hallo? Hosbitali? Nataka wodi ya wanaume, huyo kijana wa Garissa. Ndiyo, nasubiri." Akasubiri! Alisubiri kweli, akituinulia kidole tusimsumbue. "Eeh, kijana! Mama yako iko hapa. Unasema? Asije? Eeh. Eeh. Nitamwambia."

Alirudisha antena, akamgeukia mama, akamwambia kwa lugha yetu, taratibu, kama anayesoma barua: "Amesema, mwambie mama asije, njia ni mbaya. Nimepata nafuu. Ijumaa nyingine nakuja mwenyewe, aniwekee maziwa."

Mama alicheka. Ndicho ninachokumbuka zaidi ya yote, kwamba alicheka mbele za watu kwa mdomo wazi, mwanamke ambaye siku zote hufunika mdomo. Tulirudi nyumbani tukafungua shuka. Nafasi kwenye Landrova alimpa mwanamke wa nyumba ya tatu aliyekuwa na safari ya harusi. Ile Landrova ilivuka salama na kufika Nairobi. Siku iliyofuata barabara ya Mwingi ilikatika, Tana ikapanda hadi kwenye mashamba, na kwa wiki nyingi Garissa ikawa kisiwa.

Kaka alifariki siku mbili baada ya Landrova ile kufika. Walimzika huko.

Habari tuliipata maji yalipopungua. Njia ilipofunguka nilikwenda Nairobi kuchukua vitu vyake. Mzee mmoja aliyelala kitanda cha pili alikuwa bado yupo wodini, naye alinieleza kila kitu, akidhani ananifariji. Siku zake za mwisho kaka hakuweza kuinuka. Kila mlango ulipofunguliwa aliuliza, "Ni mama?" Nikamuuliza kuhusu simu ya siku ile alasiri. Akanishangaa. "Simu gani, binti? Alikuwa hawezi hata kushika kikombe."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye duka la mjini lililouza simu za mkononi. Kijana wa pale, mwenye tai, alinisikiliza kwa upole. Akaniambia simu hizo huishi kwa minara, na minara ilikuwa Nairobi na kando kando yake. "Dada, ukishatoka nje ya mji kidogo tu, inakufa. Huko Garissa ni kama umebeba tofali." Nikamuuliza, basi mbona yake hulia? Akachukua moja kabatini, akabonyeza vitufe viwili vitatu, nayo ikalia mkononi mwake. "Hapa unachagua mlio," akasema.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga. Sikuwaona hata twiga waliotoka porini baada ya mvua. Ningemsubiri Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Ningemwambia mbele ya wazee wote, "Adeer, piga." Nilipanga hata mahali pa kusimama, na kwamba ningemwita adeer, baba mdogo, kwa heshima zote, ili aibu imwingie vizuri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, mwalimu wa shule ya msingi, na sikuwahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka kumwona mtu yule akipigapiga kile kitu na Nairobi isijibu.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama amekaa na wanawake waliokuja kumpa pole. Alikuwa anasimulia. "Mwanangu hakuondoka bila kuniaga," aliwaambia. "Alizungumza nami. Hata katika ugonjwa alinihurumia na njia. Alisema nimwekee maziwa." Wanawake walimjibu, "Alhamdulillahi, una bahati, wengine hawakupata hata neno." Na mama akakubali kwa kichwa, na uso wake ulikuwa umetulia. Kisha akamwombea dua Mwenye Simu, kwa jina lake na la baba yake.

Nilisimama mlangoni na mfuko wa nguo za kaka mkononi. Yote niliyopanga niliyameza pale pale.

Kwa hiyo sikulipiza kisasi kikubwa. Nililipiza vidogo, kila siku, kwa miaka miwili. Nikipita dukani kwake na watu wamejaa nilimwamkia kwa sauti: "Adeer, Nairobi inasemaje leo?" Mwanzoni alijibu. Nikamwomba aniulizie matokeo ya mtihani wa wanafunzi wangu. Nikamwomba aniulizie bei ya chaki. Siku ya tatu alinitazama machoni, na tangu siku ile alijua kwamba najua. Akiniona tu kwa mbali alipita nyuma ya msikiti. Binti yake alikuwa darasani kwangu, na mara moja nilimnyima alama mbili za insha alizostahili. Hilo moja linanisuta kidogo. Mengine hayanisuti. Simu ilipomwangukia kwenye birika na kufa kabisa nilipika biriani, mama akauliza kuna sherehe gani, nikamwambia nimejisikia tu. Alipoanza kuugua sukari nilifurahi, na sikuomba msamaha kwa kufurahi.

Lakini kitu nilichokitaka hasa sikukipata. Nilitaka aseme. Kwa mdomo wake, mbele ya mama: nilikudanganya. Nilikuwa naamka na hilo na kulala nalo, na kila nilipomwona mama akiyarudia maneno yale nilijua haliwezekani.

Halafu mwaka wa tisini na tisa, karibu na msimu wa Hija, akaja.

Kwetu anayekwenda Makka huzunguka kwanza nyumba kwa nyumba kuomba masamaha. Haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya binadamu haitoki mpaka mwenyewe aiachilie, na hakuna anayetaka kusimama Arafa na haki ya jirani shingoni. Alikuja alasiri, kanzu nyeupe, amekonda, kiunoni hana kitu. Alikuwa bado anatembea ameinama upande. Nilimfungulia lango la mabati nikasimama katikati yake.

"Binti yangu," alisema, "nimekuja kwa mama yako. Kuna neno lazima nimwambie kabla sijapanda ndege."

"Neno gani, adeer?"

"Unalijua."

Kile nilichokitaka kimeletwa, nilijiambia. Kimeletwa hadi mlangoni.

"Watu walikuwa wamejaa," alisema kwa sauti ya chini. "Na yeye alinitazama vile. Ningesema nini, kwamba nimebeba jiwe mwaka mzima? Nilidhani kijana atapona. Wallahi nilidhani atapona, aje Ijumaa, na hakuna atakayejua. Nilimwambia maneno ambayo mtoto yeyote angemwambia mama yake." Alifuta uso kwa kiganja. "Sijalala vizuri tangu siku ile. Niache nipite nimwambie."

"Huwezi."

"Ni haki yake."

"Ukimwambia utalala wewe, adeer. Yeye je?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya kitu nilichokitamani kuliko chakula, na mikono yangu miwili imekamata mabati kukizuia kisipite.

"Nitakwendaje Makka na hili?" aliuliza.

"Nenda nalo."

"Ni nani huyo?" Mama aliita kutoka ndani. "Mbona mnasimama juani? Mkaribishe mgeni."

Mwenye Simu alipoingia, mama alifurahi kama aliyeletewa mkwe. Alimwekea mkeka, akamtilia chai ya maziwa. Mwenye Simu akaanza yale maneno ya wanaokwenda Hija, kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, na mama akamkatiza.

"Mimi nikusamehe nini? Wewe ndiye uliyenipa sauti ya mwanangu. Kila swala nakutaja. Kaa, kabla hujaenda nisimulie tena siku ile. Binti yangu hapendi kulizungumza, nami sina mwingine wa kumwuliza."

Mwenye Simu alinitazama. Nikasogeza kigoda nikakaa mbele yake, karibu, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Msimulie, adeer," nilimwambia. "Usiruke neno."

Akasimulia. Alianzia kwenye mvua na watu dukani. Alikiweka kikombe chini. Mwambie mama asije. Nimepata nafuu. Mama alikuwa amefumba macho na midomo yake ikifuatisha.

"Aliniita vipi?" mama aliuliza ghafla. "Sikukuuliza siku ile. Alisema mama tu, au alisema vile alivyokuwa akiniita?"

Niliuona uso wa Mwenye Simu ukibadilika, nikajua kwamba hawezi tena, kwamba amefika mwisho.

"Dada yangu," alianza, "ukweli ni kwamba siku ile..."

"Ukweli ni kwamba alisema hooyo macaan," nilidakia. Mama yangu mtamu. Ndivyo kaka alivyomwita tangu akiwa mtoto. "Adeer aliniambia zamani, mama. Mimi ndiye niliyesahau kukwambia. Si ndivyo, adeer?"

Alinitazama, mzee yule, na sikukwepesha macho.

"Ndivyo," alisema. "Hooyo macaan."

Mama alicheka kwa mdomo wazi, machozi yakimtiririka, akanipiga begani kwa kiganja. "Miaka miwili! Umekaa nalo miaka miwili, mtoto mbaya wewe!"

Nilimsindikiza Mwenye Simu hadi langoni. Alitembea polepole, na alipofika kwenye mabati aligeuka. Mtu mzima yule alikuwa analia bila kujificha.

"Basi nisamehe wewe," alisema.

"Mimi sina haki ya kukusamehe, adeer," nilimjibu. "Mwenye haki yuko ndani. Msikie anavyocheka."

Nikafunga lango.